Kiharusi: mguu umepona, mbona bado anaanguka?



Leo nataka tuongelee kitu ambacho kipo kwenye familia nyingi sana za huku mlimani, ila hakizungumzwi. Ni kiharusi, lakini siyo ile habari ya kila siku ya punguza chumvi na pima presha. Hiyo mnaijua (kuifuata ni suala lingine). Nataka kuongelea kinachokuja baadaye, mgonjwa akisharudi nyumbani, mguu umeanza kunyanyuka, ndugu wanashukuru Mungu... halafu anaanza kuanguka bila sababu inayoonekana.

Nianze na kisa cha kwetu Kirua Vunjo, maana ndicho kilichonifanya nikae chini nisome haya mambo.

Baba mkubwa alipata kiharusi Machi 2021. Upande wa kushoto wote ulilala, mkono na mguu. Mdomo ulipinda kidogo, ukarudi. Baada ya miezi kadhaa ya kuvutwa-vutwa mguu na kukandwa akaanza kusimama, akapewa fimbo, akaanza kutembea ndani ya nyumba. Desemba tulipopanda nyumbani kwa Krismasi (si mnajua Wachagga na Desemba) tulimkuta anakwenda mwenyewe mpaka banda la ng'ombe na kurudi. Anaongea vizuri, anatania, anakumbuka nani anadaiwa nini tangu enzi za kahawa yenye bei. Wote tukasema huyu kapona.

Asubuhi ya pili alikuwa anarudi kutoka bandani, kwenye ile njia nyembamba ya kihambani inayopita kando ya mfereji. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kwa adabu zangu zote nikapaza sauti: "Shikamoo baba mkubwa!"

"Marahaba mwana..."

Hakumaliza. Mguu wa kushoto ulikanyaga hewa, ukaingia mferejini, na yeye akaufuata.

Hakuvunjika, ila nyonga iliumia vibaya. Jioni ile ile kikaa kikao, na uamuzi ukatoka: marufuku kutoka nje. Mama mkubwa alilia, akasema huyu mtu ni mkaidi, haangalii anapokanyaga, anataka kutuonyesha kwamba bado ana nguvu. Wengine wakaongeza yao. Baba mkubwa alikaa kimya. Mimi ndiye niliyemsemesha, na hakuna aliyenilaumu hata kidogo. Mtu aanguke kwa sababu ya shikamoo? Nani angeamini?

KUTEMBEA SI MIGUU PEKE YAKE

Kwa wale ambao hawajui: kiharusi kinatokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka na damu imevuja. Sehemu iliyokosa damu inakufa. Upande wa kulia wa ubongo unaendesha upande wa kushoto wa mwili, na kinyume chake. Kwa hiyo kushoto kukilala, jua shida iko kulia mwa kichwa.

Wengi wetu elimu yetu inaishia hapo. Tunadhani ubongo ni kama swichi, imezimika, mguu umezimika, ikiwaka mguu unawaka. Kumbe ule ubongo ulioumia ulikuwa na kazi nyingine nyingi. Ulikuwa unagawa umakini, unapima umbali, unaona kilichoko pembeni, unapanga lipi litangulie, unajizuia usikurupuke. Kati ya watu waliopata kiharusi, zaidi ya theluthi moja hubaki na tatizo fulani la kufikiri, hata kama ni dogo. Na kutembea kunatumia karibu vyote hivyo kwa mpigo.

Wewe uliyekaa hapo kwenye kompyuta hulijui hilo kwa sababu mwili wako unatembea wenyewe. Unaweza kupanda kutoka barabara kuu ya Himo mpaka Kirua juu huku unachati na simu, unatafuna muwa na unamsalimia kila unayepishana naye. Miguu haikuombi ruhusa. Kumbuka lakini siku ya kwanza unajifunza kuendesha gari. Mtu akikuuliza "saa ngapi?" unazima gari. Dereva wa daladala mwenye miaka ishirini barabarani anaendesha, anapokea simu na anagombana na konda, vyote pamoja (siyo kwamba afanye hivyo, tunaomba asifanye). Kiharusi kinamrudisha mtu kwenye siku ya kwanza ya kujifunza. Kila hatua inabidi aifikirie: nyanyua goti, peleka mbele, kanyaga, hamisha uzito, sasa fimbo.

Sasa fikiria laini ya intaneti kwenye kafe. Mashine kumi, laini moja. Kila mtu anasoma barua pepe zake, mambo yanakwenda. Anakuja mmoja kwenye kona anaanza kushusha muvi, nyote kurasa zinaganda. Umakini wa binadamu uko hivyo hivyo, laini ni moja. Kwa mtu mzima kutembea kunatumia kidogo sana. Kwa aliyetoka kwenye kiharusi, kutembea ndiyo muvi inayoshushwa. Ukimletea shikamoo hapo katikati, kitu kimoja lazima kigande. Ikiganda salamu hakuna neno. Ikiganda miguu, mfereji uko pale.

Hili walilipima Wasweden. Mwaka 1997 watafiti wa kule walichapisha kazi moja rahisi kupita kiasi. Walikuwa na wazee 58 kwenye makazi ya wazee. Mtaalamu anatembea na mzee, katikati ya njia anaanzisha maongezi, basi. Wazee 12 walisimama ili waweze kujibu. Miezi sita iliyofuata, 10 kati ya wale 12 walianguka. Si wote waliokuwa na kiharusi, lakini jambo lenyewe ni lile lile: ubongo ambao hauwezi kutembea na kuongea kwa pamoja ni ubongo uliokaribia mwisho wa laini yake.

Tena angalieni, kule kusimama kwenyewe siyo kosa. Kusimama ni akili, ni mtu anasema ngoja nimalize hili kwanza. Wa kumwogopea zaidi ni yule ambaye hasimami. Baba mkubwa hakusimama. Umri wake wote alijifunza kwamba salamu ya mtoto inaitikiwa pale pale.

KUSHOTO KUNAPOPOTEA

Hapa ndipo sisi tulipokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miezi kabla ya ule mfereji kulikuwa na ugomvi wa chakula. Baba mkubwa analetewa sahani ya machalari, anakula, anasema "mbona siku hizi mnanipa kidogo?" Mama mkubwa anaangalia sahani, nusu nzima ya ndizi na nyama ipo. Anaona anadharauliwa. Anaitoa sahani kwa hasira, anazunguka nayo, anaiweka tena mezani... na mzee anaanza kula upya kama kaletewa nyingine. Tulicheka sana siku ile. Tulidhani anafanya mzaha.

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anakula nusu ya kulia tu ya sahani, kwa sababu nusu ya kushoto kwake haikuwepo. Macho yalikuwa mazima. Jicho linapeleka picha, ila ubongo hauipi umuhimu. Mtu wa hivi anaweza kunyoa ndevu upande mmoja, kujigonga bega la kushoto kwenye kizingiti kila siku, kuvaa mkono mmoja wa shati na kuona kamaliza. Ukisimama kushoto kwake ukamsemesha anakutafuta kulia. Hali hii inatokea zaidi kwa walioumia upande wa kulia wa ubongo, na inawasumbua sana kwenye kutembea. Na mfereji wa kwetu, ukitoka bandani kurudi nyumbani, uko kushoto.

Halafu sikilizeni hili. Kwa watu wengi, maongezi yanakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo aliyeumia kulia anaendelea kuongea vizuri, anatania, anabishana siasa. Sisi tukisikia mtu anaongea vizuri tunasema akili yake nzima. Na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kama ana tatizo. Ukimuuliza anasema niko sawa, na hadanganyi, ndivyo anavyojiona. Ile tuliyoiita ukaidi, sehemu kubwa ilikuwa ugonjwa wenyewe.

Kinyume chake nako kuna dhuluma. Yule aliyeumia kushoto mwa ubongo anapooza kulia na anaweza kupoteza maneno. Anataka kusema "maji" anasema "kuku". Majirani wanasema kachanganyikiwa. Kumbe anajua kila kitu, anajua hata mnamsema, na akipewa muda kutembea kwake kunaweza kuwa salama kuliko kwa yule mwongeaji. Shida yake ni maelekezo. Ukimwambia "peleka uzito mguu wa kulia kisha nyanyua wa kushoto" sentensi inampita. Mwonyeshe kwa vitendo, simama mbele yake ufanye, atafuata. Nimeona watu wanampigia mzee kelele sikioni kama kiziwi. Masikio yake hayana shida!

Yapo mengine nitayapitia haraka. Kuna kupungua kwa kasi ya kufikiri: anaona jiwe, ila uamuzi wa kulikwepa unachelewa. Kuna kukurupuka: anainuka kitini kabla ya kushika fimbo, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayosema "subiri" imeumia. Kuna kusahau: zoezi alilofundishwa Jumatatu, Jumatano halipo.

MLIMA HUU UNASEMAJE

Kuna watu wanadhani kiharusi ni ugonjwa wa wazungu wanene. Haya. Upande wa pili wa Moshi, wilaya ya Hai, ni mahali ambapo kiharusi kimepimwa kijiji kwa kijiji kwa namna ambayo ni adimu Afrika. Migomba yao ni kama yetu na miteremko ni ile ile, kwa hiyo nadhani ya kwao yanatuhusu.

Kati ya 1992 na 1995 zilifuatiliwa sababu za vifo Hai, Morogoro vijijini na sehemu ya Dar es Salaam. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64 wa Hai, kiharusi kiliua watu 44 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Uingereza na Wales mwaka 1993 hesabu ya namna hiyo hiyo ilikuwa chini ya 11. Baadaye, 2003 hadi 2006, walihesabiwa wanaopata kiharusi, siyo wanaokufa tu: watu 636 kwa miaka mitatu, 183 Hai na 453 Dar. Wakirekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa karibu 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Dar karibu 316. Kwa hiyo ninyi mlioshuka mjini mkadhani mmekimbia shida za kijijini, poleni.

Kitu kingine kilichonishangaza: watafiti waliwauliza watu kiharusi kinatoka wapi. Ungetegemea kijijini ndiko waseme uchawi na mapepo. Ilikuwa kinyume. Dar ndiko yalikotajwa zaidi mambo ya mashetani na kurogwa, Hai walitaja zaidi presha, mawazo na vyakula. Sisi wa mlimani tunajua ni presha, tunakubali hospitali, tunavuta mguu mpaka unyooke. Kichwa ndicho tunachosahau.

Hai hiyo hiyo ndiko ilikofanyika kazi ya kupima akili za wazee ambao hawakusoma. Vipimo vya kizungu vinamtaka mtu aandike, achore saa ya ukutani, atoe mia kutoa saba. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anaonekana kapoteza akili wakati yuko timamu. Kwa hiyo kikatengenezwa kipimo kifupi, kikafanyiwa kazi Hai na Nigeria: leo ni siku gani, mwenyekiti wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, kumbuka orodha ya maneno, na panga njiti za kiberiti zifanane na nilivyopanga mimi. Njiti za kiberiti! Kipimo hicho ni cha ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, siyo cha kiharusi, ila kinaonyesha kwamba unaweza kuiangalia akili ya mtu bila kumuuliza alifika darasa la ngapi.

UNAWEZA KUANGALIA NINI NYUMBANI

Si kumpima kidaktari, ni kufungua macho tu. Kuna jaribio linalotumika duniani kote: mzee anakaa kwenye kiti imara, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu sekunde. Kisha anarudia huku anataja vitu vya sokoni, ndizi, maharage, viazi, magimbi. Wewe uwe ubavuni kwake, upande dhaifu, tayari kumdaka. Kama mara ya pili amechelewa sana, amesahau kugeuka, amekanyaga vibaya au amesimama kabisa, umeshapata jibu: huyu asisemeshwe akiwa njiani. Kama hawezi kufanya hata mara ya kwanza bila kuyumba, usijaribu ya pili.

Angalia sahani yake baada ya kula. Angalia bega lake kama lina michubuko ya mlango. Mwombe akuonyeshe vitu vyote vilivyoko mezani, uone kama anaacha vya upande mmoja. Halafu ukienda kliniki SEMA. Usiseme "anaendelea vizuri" kwa sababu ya adabu. Sisi kwenye hospitali moja (siitaji) tulikwenda mara tatu, mguu ukakunjwa na kukunjuliwa, na hakuna aliyeuliza anakulaje wala anapitaje mlangoni. Na sisi hatukusema. Mara ya nne tukakutana na mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja kijana tu, ambaye hakugusa mguu. Alimwambia baba mkubwa atembee kwenye korido, akamfuata kwa nyuma, akamuuliza "mzee, leo umekula nini?" Nilitaka kupiga kelele. Yeye alikuwa ameshashika mkanda wa suruali yake.

Kwa faida ya wasiojua, Moshi hatuko vibaya kwa haya. KCMC, iliyofunguliwa 1971, inafundisha wataalamu wa mazoezi ya viungo na pia wa tiba kwa vitendo. Hawa wa pili watu wengi hawawajui, nao ndio hasa wa mambo haya: kula, kuvaa, kuoga, kupita mlangoni, kupanga kazi. Kwenye eneo hilo hilo tangu 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia mguu unaoburuza. Ukienda, uliza vyote viwili, mguu na kichwa.

MAZOEZI NI DAWA YA KICHWA PIA

Turudi kwenye lile la marufuku. Baada ya mfereji, baba mkubwa alikaa kitini barazani toka Januari mpaka Juni. Kila mtu aliona tunamlinda. Anaamshwa, analetewa kiti, analetewa chai, analetewa redio. Mwezi wa tatu akaanza kuuliza swali moja mara mbili. Mwezi wa tano akaacha kubishana siasa, na mimi ndipo nikaogopa. Usingizi mchana, usiku macho. Huzuni baada ya kiharusi inampata karibu mmoja kati ya watatu, na huzuni nayo inakula umakini.

Nilichokuja kusoma baadaye ni kwamba barabara hii ina njia mbili. Akili ikiyumba kutembea kunaharibika, lakini pia mwili ukilala akili inafifia. Mwaka 2017 yalikusanywa pamoja majaribio 14 yenye watu zaidi ya 700 waliopata kiharusi, na ikaonekana waliofanyishwa mazoezi ya mwili walipiga hatua kidogo kwenye kufikiri, hasa umakini na kasi, hata waliokuwa wameumwa zaidi ya miaka miwili nyuma. Si muujiza, ni hatua ndogo. Lakini kwa mzee aliyeacha kubishana, hatua ndogo ni kitu kikubwa.

Naomba lakini msikimbilie upande wa pili. Kuna wanaomnyanyua mgonjwa kitandani siku ile ile "asizoee kulala". Mwaka 2015 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la wagonjwa 2,104 katika nchi 5. Walioanzishwa mapema mno, ndani ya saa 24, na kwa nguvu nyingi, matokeo yao baada ya miezi mitatu yalikuwa mabaya kidogo kuliko ya walioachwa waende taratibu za kawaida. Siku za mwanzo sikiliza hospitali. Na usimnyweshe uji wala mtori kabla hawajaangalia kama anameza sawasawa, maana unaweza kuingia kwenye mapafu. Wala usimpe aspirini kwa kubahatisha. Kama mshipa umepasuka, unamwongezea kuvuja.

Yule dada wa mazoezi alitupa masharti ambayo mwanzoni tuliyaona ya ajabu. Mzee atembee kila siku, mara mbili, ila kwa wiki za mwanzo KIMYA. Redio izimwe. Watoto wasimkimbilie. Anayetaka kumsalimia asubiri, aende mbele yake upande wa kulia, aonekane, mzee asimame, fimbo itulie, ndipo salamu. Kandambili zikachomwa moto (hilo la moto ni la mama mkubwa, siyo la dada). Viatu vya kufunga. Majani makavu ya migomba yafagiliwe njiani, maana yakilowa yanateleza kama sabuni, na wakati wa masika asishuke bandani kabisa bila mtu.

Kushoto nako kulirudishwa kwa ujanja. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye mwimo wa kushoto wa mlango, na kingine kwenye miti ya kando ya mfereji. Anafundishwa kabla ya kila hatua kugeuza shingo mpaka akione kile chekundu. Sahani inazungushwa katikati ya mlo, na siku hizi anaizungusha mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Kiti chake kikahamishwa ili mlango wa kuingilia wageni uwe kushoto kwake na alazimike kugeuka kuwatafuta.

Alipoweza kutembea kimya bila kuyumba, ndipo maongezi yakarudishwa kidogo kidogo, sehemu tambarare tu, uani. Kwanza kuhesabu hatua. Kisha kutaja majina ya wajukuu. Kisha maswali. Kazi mbili kwa mpigo zinaweza kufundishwa kama kitu kingine chochote, ila zinaanzia mahali ambapo ukikosea unaangukia mikononi mwa mtu. Na kazi halisi zinasaidia kuliko mazoezi ya bure: kupeleka kikombe jikoni, kuchambua maharage, kuhesabu mikungu kabla mnunuzi hajafika. Hili la mwisho alilipenda mno, akamkamata mnunuzi na mkungu mmoja wa ziada.

Ameanguka tena mara moja tangu hapo, ndani ya nyumba, kwa kukurupuka akidhani simu inaita. Hakuumia. Mama mkubwa alikuwa ameshaanza kusema "huyu mkaidi...", akanyamaza, akamletea fimbo.

Kijiji nacho kimejifunza, kwa namna yake. Mwanzoni watu walinuna, maana Kirua kupishana na mzee bila kumsalimia ni matusi. Mama mkubwa alipita nyumba kwa nyumba kueleza, akaeleza na kwenye jumuiya. Sasa ukimkuta baba mkubwa njiani unasimama mbele yake, unakaa kimya kama askari. Anakuja taratibu, anageuza shingo kushoto, anakiona kitambaa, anageuza kulia, anasimama, anakita fimbo chini. Halafu anakuangalia, na anachelewesha makusudi, nadhani anaburudika kuona vijana tunavyomsubiri.

"Haya," anasema, "nisalimieni."